UGONJWA MPYA WA MAHINDI: MASWALI YA WAKULIMA NA MAJIBU YAKE

Somo hili ni la wakulima wote wa nchi ya chai, kutoka Kabianga na Kericho mpaka Bomet na Longisa. Chai huleta fedha, lakini mahindi ndiyo chakula cha nyumba. Kwa hiyo ugonjwa uuao mahindi wamhusu kila mtu, hata yule ambaye shamba lake bado ni zima.

Mnamo Septemba 2011, katika sehemu ya Longisa, Bomet, wakulima waliona jambo wasilolizoea. Mahindi yaliyokuwa yamestawi yaligeuka manjano, majani yakakauka kuanzia pembeni, na mabua yakafa kabla ya punje kukomaa. Wengine wakauita ugonjwa huo koroito, yaani tauni. Mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kufika Narok na Naivasha, tena ukaonekana Tanzania na Uganda. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa umeonekana Rwanda, Kongo na Ethiopia pia. Mashamba mengine hayakutoa hata debe moja.

Ugonjwa mgeni ukiingia, maneno hutangulia maarifa. Huyu hulaumu mbolea, yule hulaumu mbegu, na mwingine husema ni laana. Yafaa tuyatazame maswali moja moja.

Ugonjwa huu waletwa na nini?

Waletwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Virusi ni vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, wala haviwezi kuzaana nje ya kiumbe kilicho hai. Kimoja ni kile cha batobato ya miwa, ambacho kilikuwako Kenya miaka mingi kabla ya 2011. Cha pili ni kile cha madoa ya manjano ya mahindi, nacho ndicho kilichokuwa kigeni. Huko Marekani, katika jimbo la Kansas, madhara ya virusi hivyo kukutana yalijulikana tangu mwaka 1976. Kimoja kikiwa peke yake hudhoofisha mahindi, lakini vikiwa pamoja huyaua.

Nitautambuaje?

Tazama majani machanga ya katikati. Madoa na mistari ya manjano huanza chini ya jani na kupanda kuelekea ncha. Halafu kingo hukauka, na pengine moyo wa mmea hufa. Mmea ukiugua baada ya kutoa gunzi, maganda ya gunzi hukauka huku mmea wenyewe bado ni wa kijani. Ukilimenya, wakuta punje chache zilizosinyaa, au huoni kitu. Mahindi yenye njaa ya mbolea huwa manjano pia, kwa hiyo usikate shauri peke yako. Mwite Bwana Shamba aje aone.

Wapitaje kutoka shamba hata shamba?

Wachukuliwa na wadudu. Kirusi cha batobato hubebwa na vidukari. Kile kigeni hubebwa na thiripi, ambao ni wadudu wembamba wakaao ndani ya majani yaliyojikunja, na pia na mbawakavu wadogo. Mbegu nayo yaweza kukibeba, ingawa ni mara chache. Uchunguzi wa Hawaii uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta miche 17 yenye ugonjwa katika miche 42,000 iliyooteshwa kwa mbegu za mahindi magonjwa. Msomaji aweza kudhani kuwa hilo ni jambo dogo. Lakini ekari moja hubeba miche ipatayo 20,000. Kwa hesabu hiyo, mkulima apandaye mbegu ya namna hiyo aweza kupata miche minane yenye ugonjwa, na wadudu wakafanya kazi iliyobaki. Ndiyo sababu haifai kuweka mbegu kutoka shamba lililougua, hata kama gunzi lenyewe laonekana zuri.

Je, virusi hivi vyaweza kumdhuru mtu, ng'ombe au chai?

La. Virusi hivi ni vya mimea ya ukoo wa nyasi. Havimshiki mtu wala mnyama, wala havishiki mchai. Mabua mabichi ya mahindi magonjwa yaweza kupewa ng'ombe, maadamu hayajaoza. Hatari iko mahali pengine: gunzi lililokauka kabla ya wakati huota ukungu, na ukungu waweza kuwa na sumu. Mahindi ya namna hiyo yasiliwe na watu, wala wasipewe kuku au ng'ombe. Yachomwe moto. Twajua ni vigumu kwa mama mwenye watoto kuchoma chakula wakati wa upungufu, lakini sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Basi tufanye nini?

Ng'oa mmea mgonjwa mara uuonapo. Palilia magugu ya jamii ya nyasi yanayowahifadhi wadudu. Nunua mbegu iliyothibitishwa, ukiulizia mbegu chotara zinazoustahimili ugonjwa huu. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo cha kujaribia mbegu hizo huko Naivasha, na tangu hapo aina kadhaa zimetolewa kwa wakulima.

Lakini dawa kubwa ni kuyapumzisha mahindi. Ugonjwa uliota mizizi Bomet kwa sababu mahindi yalipandwa msimu hata msimu. Hili likikauka, jirani lake ni bichi. Mdudu hukaa na kirusi kwa siku chache tu. Akikosa mahindi mabichi kwa miezi miwili au zaidi, mnyororo hukatika. Wakati huo panda viazi, maharagwe, kabeji au vitunguu. Usitegemee wimbi, ingawa ni chakula cha wazee wetu: ni ndugu wa mahindi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikikuta kirusi kigeni katika wimbi hapa Kenya.

Neno la mwisho ndilo zito. Mtu mmoja akipumzisha shamba lake na majirani wakapanda, yeye hukosa mahindi ya msimu huo bure, maana wadudu hawajui mpaka wa shamba. Mwenye ekari moja na watoto wa shule hawezi kuombwa ajinyime peke yake. Kwa hiyo shauri hili halitoshi kukatwa nyumbani. Lipelekwe barazani, na kijiji kizima kikubaliane tarehe ya kung'oa na tarehe ya kupanda.

Maswali ya kuzungumza barazani:

1. Katika kijiji chetu, kuna miezi miwili katika mwaka ambapo hakuna shamba lenye mahindi mabichi?

2. Ni zao gani litakalolisha nyumba wakati huo, na mbegu yake itapatikana wapi?

3. Mwenye shamba dogo kabisa atasaidiwaje ili naye aweze kungoja pamoja na wenzake?