SOMO LA URAIA: SWALI LA MJUMBE NA GUNIA LA MKULIMA

Kila mwaka, mahindi yakomaapo katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, malalamiko ya wakulima huwa yale yale, toka Kitale mpaka Bungoma. Mbolea ilichelewa. Bei ni ndogo. Mvua imeharibu barabara, na lori haliwezi kufika shambani. Maneno hayo husemwa sokoni, njiani na mlangoni pa ghala, na ni ya kweli. Lakini neno lisemwalo sokoni halimlazimu mtu yeyote kulijibu.

Neno hilo hilo likiulizwa na Mjumbe katika Bunge, mambo hubadilika. Waziri hana budi kujibu, na jibu lake huandikwa. Katika somo hili tutaeleza swali la Bungeni ni kitu gani, Waafrika walivyopata nafasi ya kuliuliza, na kazi ambayo imempasa mkulima mwenyewe kuifanya ili swali lilete faida.

SWALI NI NINI

Watu wengi hudhani ya kuwa Mjumbe auulizapo upande wa Serikali anagombana nao, au anawaomba msaada. Sivyo. Swali ni chombo cha kazi, kama jembe, na lina kanuni zake.

Kwanza Mjumbe huliandika na kulipeleka kwa Karani wa Bunge. Spika hutazama kama linafuata kanuni: lihusu kazi iliyo chini ya Waziri anayeulizwa, litake habari au litake jambo litendwe, lisiwe hotuba, wala lisimsingizie mtu. Likikubaliwa huwekwa katika orodha ya shughuli za Bunge, na Waziri hupewa nafasi ya kukusanya habari kwa maofisa wake. Akisha kujibu, wajumbe waweza kuuliza maswali ya nyongeza.

Yote yasemwayo huandikwa katika kumbukumbu rasmi iitwayo Hansard. Hapo ndipo ilipo nguvu ya swali. Ahadi iliyotolewa juu ya jukwaa hupeperushwa na upepo, lakini ahadi iliyoandikwa yaweza kufunguliwa mwaka ujao, na Waziri akaambiwa, "Ulisema hivi, siku hii. Je, kazi imekwisha?"

NAFASI ILIVYOPATIKANA

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza mwaka 1907, na kwa muda mrefu halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1924 aliteuliwa mmisionari mzungu ili awasemee Waafrika. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye pia aliteuliwa, hakuchaguliwa kwa kura za watu wote. Kura ya kwanza ya Waafrika ilipigwa Machi 1957. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa: mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali na utumishi wake, na wengine walipewa kura mbili au tatu. Hata hivyo wajumbe wanane walichaguliwa. Nyanza ya Kaskazini, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na nchi ya Bungoma, ilimchagua Bwana Masinde Muliro, mwenyeji wa upande wa Kimilili.

Ili kuelewa maana ya jambo hilo, yafaa kuitazama nchi yenyewe jinsi ilivyokuwa. Kitale ulikuwa mji wa walowezi wenye mashamba makubwa, nao ulifikiwa na tawi la reli mwaka 1926. Katika mashamba hayo Mwafrika alikuwa kibarua. Bungoma ilikua kandokando ya stesheni ya reli kuu iendayo Uganda, na huko Waafrika walilima katika vishamba vyao wenyewe. Udongo ni jirani na mahindi ni yale yale. Lakini tangu mwaka 1942, Serikali iliposhika biashara ya mahindi, malipo hayakuwa sawa. Mlowezi aliwekewa bei ya uhakika. Mwafrika alilipwa baada ya kukatwa ushuru wa baraza la wilaya na fungu la kutunza ardhi, hata fedha alizotia mkononi zikawa chache kwa gunia lile lile la ratili 200. Tena hakuweza kuyapeleka mahindi yake wilaya nyingine bila kibali.

Kabla ya mwaka 1957, mkulima wa Bungoma hakuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe ambaye angeweza kusimama katika Baraza na kuuliza kwa nini gunia moja lina bei mbili. Kwa hiyo kiti kile hakikuwa heshima ya mtu mmoja tu. Kilikuwa ulimi wa wakulima wengi.

Wala tusidhani ya kuwa kazi ya kuuliza ilikwisha bendera ilipobadilishwa Desemba 1963. Mahindi yalipopunguka nchini mwaka 1965, manung'uniko yalikuwa makubwa hata Tume ya Uchunguzi ikaundwa, nayo ikatoa ripoti mwaka 1966. Nayo amri ya vibali vya kusafirisha mahindi haikuondoka pamoja na ukoloni. Haikuondolewa kabisa mpaka Desemba 1993. Kwa muda wa miaka 30 ya uhuru, mwenye magunia aliendelea kusimamishwa kizuizini kama baba yake alivyosimamishwa. Basi swali halina rangi. Kila Serikali yapasa kuulizwa.

SWALI DHAIFU NA SWALI LENYE NGUVU

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjumbe mmoja anauliza: "Je, Waziri anajua ya kuwa wakulima wanateseka kwa ajili ya barabara mbovu?" Waziri anajibu: "Ndiyo, Bwana Spika, Serikali inajua, na jambo hili linashughulikiwa." Basi, yamekwisha. Hakuna uongo katika jibu hilo, wala hakuna faida.

Mjumbe wa pili anauliza hivi: "Ni fedha kiasi gani zilizotengwa mwaka huu kwa barabara itokayo soko fulani mpaka ghala la mahindi? Ni kiasi gani kimekwisha kutumika, na kwa kazi gani? Daraja lililochukuliwa na maji mwezi wa Mei litajengwa kabla ya mwezi gani?" Hapa Waziri hana budi kutaja hesabu na tarehe. Akikosa kuzitaja, kila mtu ataona ya kuwa amekosa.

Mwenye kudhani ya kuwa barabara si jambo la kilimo na afikiri tena. Daraja likivunjika, lori huzunguka njia ndefu, na gharama ya mzunguko huo hugawanywa juu ya kila gunia. Lori lisipofika kabisa, mchuuzi huja mpaka shambani na kununua kwa bei apendayo, kwa kuwa ajua ya kuwa mwenye mali hana njia nyingine. Tena mahindi yakaayo katika unyevu hupata kuvu yenye sumu, na ghala la Serikali hukataa mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5. Kwa hiyo barabara ni sehemu ya bei, na aulizaye habari za daraja anauliza habari za fedha za mkulima.

MLANGO ULIO WAKE

Swali zuri likipelekwa mlango usio wake hurudi bila jibu. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi za Serikali zimegawanywa. Barabara kuu ni kazi ya Serikali ya Taifa. Barabara za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti, na swali lake ni la Mjumbe wa Bunge la Kaunti, kule Bungoma au Kitale. Mafunzo na huduma za ukulima ni kazi ya kaunti. Lakini sera ya kilimo, maghala ya Bodi ya Nafaka na mbolea ya ruzuku ni mambo ya Taifa.

Katiba hiyo pia iliwatoa mawaziri katika viti vya Bunge. Kwa miaka kadhaa walijibu mbele ya kamati tu, lakini tangu mwaka 2023 hufika tena mbele ya wajumbe wote kujibu maswali.

MBOLEA YA MWAKA 2024

Swali lisipotosha, Mjumbe aweza kuleta hoja. Mfano wa karibu ulitoka Bungoma yenyewe. Mwaka 2024, wakati wa kupanda, ilijulikana ya kuwa baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku haikuwa mbolea ya kufaa. Mheshimiwa Jack Wamboka, Mjumbe wa Bumula, alileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Bwana Mithika Linturi. Tarehe 2 Mei wajumbe 149 waliikubali na 36 waliikataa. Ikaundwa kamati ya wajumbe 11 ili kupima mashtaka. Kwa kura saba dhidi ya nne, kamati ilisema ya kuwa mashtaka hayakuthibitishwa, na jambo likaishia hapo.

Mtu aweza kukubaliana na kamati au asikubaliane nayo. Fundisho kwetu ni hili: kura nyingi hufungua mlango, lakini ndani ya mlango huo huulizwa ushahidi.

KAZI YA MKULIMA

Mjumbe hawezi kujua yaliyotukia katika kila shamba. Amwendeaye na amletee mambo manne: mahali, tarehe, kiasi na karatasi. Asiseme, "Tunaumia." Na aseme, "Nilinunua mifuko mitano katika ghala hili, siku hii, na hii ndiyo risiti yangu." Mfuko mtupu usitupwe kabla ya mavuno.

Wala msomaji asiogope kwa kuwa hajui Kiingereza. Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974, na Katiba yakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge maombi yake kwa maandishi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunung'unika kila mwaka bila kuandika hata mstari mmoja.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Barabara ipitayo karibu na shamba lako ni ya Taifa au ya kaunti?
2. Andika swali moja juu ya barabara hiyo, lenye kutaja mahali, fedha na tarehe.
3. Mjumbe wako alipokutembelea mara ya mwisho, je, ulimpa malalamiko au ulimpa habari?