Pampu ya Kisima Ikigoma: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Katika Mwanzo 26 tunasoma jinsi Isaka alivyofukua tena visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Visima vyetu havifukiwi na adui. Vingi hufa kwa sababu ya kipande cha mpira kilicholika, na akina mama wakarudi kuchota maji ya bwawani huku kisima kizuri kiko karibu na nyumba.

Somo la toleo hili ni kutambua ugonjwa wa pampu ya mkono kabla hatujashika spana. Tunachukua mfano wa Afridev, pampu iliyoundwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kwale, Kenya, kwa nia kwamba watumiaji wenyewe waweze kuifungua. Pampu nyingine nyingi za pistoni zina tabia zinazofanana na hii.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Mpini ukishuka, rodi hupanda na pistoni. Pistoni imevikwa washa ya mpira inayobana ukuta wa silinda, hivyo huinua maji yaliyo juu yake. Wakati huohuo vali ya chini hufunguka na kuingiza maji mengine. Mpini ukipanda, vali ya chini hujifunga ili maji yasirudi kisimani. Basi kuna kazi mbili: kuinua maji, na kuyazuia yasirudi. Tukijua ni ipi iliyoshindwa, tumekaribia jibu.

Sisi tulijifunza hilo kwa hasara. Katika kisima kimoja tunachokihudumia, kila asubuhi watu walisukuma mpini muda mrefu ndipo maji yatoke. Tukabadili washa ya pistoni. Hali ikawa ileile. Tukanunua washa nyingine tukidhani ile ya kwanza ni mbovu, na mfuko wa kisima ukabaki mtupu. Kumbe washa haikuwa na kosa! Pete ya mpira ya vali ya chini ilikuwa imekatika, na maji yaliyopandishwa jioni yalikuwa yakishuka usiku kucha. Tungejua bila kutoa shilingi, kama tungekaa pale nusu saa tu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Sukuma mpaka maji yatoke vizuri, kisha acha pampu dakika 30, mtu yeyote asiiguse. Anza tena ukihesabu. Maji yakihitaji zaidi ya misukumo 5 kutoka, yanavuja kurudi chini: shuku vali ya chini, au bomba lenyewe.

Kipimo cha pili ni cha ndoo. Maji yakiwa yanatoka mfululizo, kinga misukumo 40 kamili katika dakika moja. Isipofika lita 10, kuinua ndiko kulikoshindwa, na mara nyingi ni washa ya pistoni iliyolika. Mchanga huila haraka.

Mpini ukiwa mwepesi ghafla na maji hayatoki kabisa, rodi zimeachana au imekatika moja. Mpini ukicheza upande kwa upande na kupiga kelele, tazama beringi zake. Lakini maji yakitoka vizuri kisha yakakatika, na baada ya kupumzika saa moja yakarudi, msinunue kipuri chochote. Hasa wakati wa kiangazi, hiyo ni dalili kwamba maji ya kisima yameshuka, wala pampu haina ubaya.

Uzuri wa Afridev ni kwamba pistoni hutolewa kupitia ndani ya bomba. Fungua kifuniko cha kichwa, toa mpini, vuta rodi moja moja. Vali ya chini nayo huvuliwa kwa kifaa chake cha kunasia, kinachofungwa kwenye rodi. Tandika turubai safi. Tumeona rodi zikilazwa penye kinyesi cha mbuzi kisha zikarudishwa kisimani hivyohivyo. Kila kilichotolewa kioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini.

Mabomba ya plastiki ni habari nyingine. Yameunganishwa kwa gundi, na kuyatoa ni kazi ya fundi na gharama kubwa. Kwa hiyo badilini kwanza mipira ya vali ya chini, kisha rudieni kipimo cha dakika 30. Misukumo ikizidi 5 bado, hapo ndipo fundi aitwe, na mwambieni mlichokwisha kupima ili asianze upya kwa fedha zenu.

Kisima chetu kile sasa kina daftari. Kila mwezi mlinzi huandika namba mbili, misukumo na lita. Mwezi uliopita aliandika 3 na 15.