Je, Tunaweza Kumpenda Tusiyemjua? Somo Kutoka Nyimbo Mbili za Miaka ya Themanini

Nyimbo mbili za Kiingereza, Do They Know It's Christmas? na We Are the World, bado zinasikika redioni. Sisi tuliozaliwa baadaye tunazijua kwa sauti zake tu. Tusimulie jinsi zilivyozaliwa, kisha tuone zinatufundisha nini kuhusu matendo ya huruma.

Zilivyotungwa

Tarehe 23 Oktoba 1984, televisheni ya BBC ilionyesha taarifa ya mwandishi Michael Buerk kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Picha zilipigwa na Mkenya, Mohamed Amin. Dunia iliona umati wa watu wakifa kwa njaa. Mwanamuziki Bob Geldof wa Ireland aliguswa, akatunga wimbo pamoja na Midge Ure, na tarehe 25 Novemba wanamuziki mashuhuri wakaurekodi London.

Nchini Marekani, wazo kama hilo lilitoka kwa Harry Belafonte. Michael Jackson na Lionel Richie wakatunga, na usiku wa tarehe 28 Januari 1985 waimbaji zaidi ya 40 wakakutana Los Angeles chini ya Quincy Jones. Mlangoni palikuwa na tangazo la kuwataka waache majivuno yao nje.

Tusiwabeze watu hawa. Waliona, wakahurumia, wakatenda. Mamilioni ya fedha yalipatikana, na misaada ikawafikia wenye njaa.

Walichokosa kukijua

Hata hivyo, jina la wimbo wa kwanza linauliza kama wenye njaa wanajua kwamba ni Noeli. Ethiopia ilipokea Injili katika karne ya 4, Mtakatifu Frumensi alipowekwa wakfu kuwa askofu na Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria. Wakristo wake wengi husherehekea Noeli tarehe 7 Januari. Noeli waliijua, chakula ndicho walichokosa.

Kule Los Angeles, Stevie Wonder alipendekeza sehemu ya wimbo iimbwe kwa Kiswahili. Geldof, aliyekuwapo, akaeleza kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Kwetu tunaoongea lugha hii jambo hilo linachekesha, lakini lina funzo: nia ilikuwa njema, ila Afrika nzima ilionekana kama kijiji kimoja.

Tena, nyimbo zote mbili hazikugusa vita. Ukame ulikuwepo, ni kweli, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe kaskazini mwa nchi viliizidisha njaa ile na kuzuia chakula kuwafikia watu. Asiyejua chanzo cha njaa atagawa chakula leo, na kesho ataikuta njaa palepale.

Falsafa inasemaje?

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Utatu, anafundisha kwamba hakuna awezaye kupenda kitu asichokijua kabisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakubaliana naye: utashi huvutwa na wema ambao akili imeutambua. Lakini Thoma anaongeza jambo la kutufariji: ili kupenda kikamilifu si lazima kujua kikamilifu. Kujua kidogo kunatosha kuanza kupenda, na anayependa kweli hutaka kujua zaidi.

Usiku ule ule jambo hilo lilionekana. Wanawake wawili Waethiopia, wageni wa Stevie Wonder, waliingia studio na kuwashukuru waimbaji. Baadhi ya waimbaji walitokwa na machozi. Njaa ya kwenye televisheni sasa ilikuwa na uso na sauti.

Kwetu parokiani

Msamaria Mwema hakumrushia majeruhi fedha akiwa juu ya mnyama wake. Alimkaribia, akayaona majeraha, ndipo akamimina mafuta na divai. Nasi tunapokusanya mchele na nguo kwa ajili ya wahitaji, tusiishie kwenye kapu. Jumuiya Ndogo Ndogo inayajua majina na milango. Ndiyo inayoweza kujua kwamba mama fulani hahitaji nguo, bali mtu wa kumsindikiza hospitali.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Ni mhitaji yupi tunayemsaidia kila mwaka bila kumuuliza anachohitaji?
2. Tunajua chanzo cha shida yake, au tunaona dalili tu?
3. Wiki hii, nani atakwenda kumtembelea?