Kushusha Shokapu za Mbele za Pikipiki ya Safari Ndefu

Swali: Je, sehemu ya mbele ya pikipiki ya safari ndefu inaweza kushushwa nyumbani bila kuhatarisha mwendeshaji?

Jibu: Inaweza, endapo mirija ya shokapu imeshikwa na vibano viwili tu, yaani vipande vya chuma vinavyoiunganisha na usukani; lakini katika baadhi ya pikipiki kubwa za Harley-Davidson mirija hukomea kwenye kibano cha juu, hivyo hulazimu kubadilisha springi za ndani. Pikipiki huegemezwa imara kwenye jeki chini ya fremu mpaka gurudumu la mbele lining'inie, kisha vibano hulegezwa, mirija yote miwili hupandishwa kwa kipimo kilekile, milimita 5 hadi 10 kwa hatua moja, na bolti hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Jambo zito zaidi ni uthabiti: mbele ikishuka peke yake, shokapu husimama wima zaidi, usukani huwa mwepesi na pikipiki huweza kuyumba katika mwendo mkali, hasa ikibeba mizigo, ndiyo maana nyuma nayo ishushwe kwa uwiano. Hata shokapu zikibonyea kabisa, madigadi isiguse kibano cha chini wala rejeta.