Meza Inayomjua Aliyeigusa

Watoto, mmewaona wazee wakicheza bao. Mmoja hukaa huku, mwenzake kule, wala hapana aulizaye kichwa cha bao ki upande gani. Lakini wekeni kitabu katikati ya meza, mkae wanne kukizunguka. Mmoja atasoma vizuri. Amkabiliye ataona herufi zimepinduka, na wale wa kando wataziona zimelala.

Kompyuta nayo ilifanyizwa kwa mtu mmoja. Wakiitumia wanne, mmoja huiendesha, na watatu humtazama tu, hata kama mwenye shauri jema ni mmoja wao.

Basi mwaka 2001 Paul Dietz na Darren Leigh, wa maabara ya Mitsubishi mjini Cambridge, Massachusetts, huko Marekani, walionyesha meza iitwayo DiamondTouch. Picha ziliangazwa juu yake kwa taa iliyotundikwa. Ndani ya meza zilitandazwa nyuzi nyingi, na kila mahali palikuwa na ishara yake ndogo ya umeme. Kila mtu alikalia kiti chenye chombo cha kupokea ishara. Alipogusa meza, ishara ya mahali pale ilipita mwilini mwake bila kumdhuru, ikafika kitini. Hivyo kompyuta ilijua mahali palipoguswa na aliyepagusa, hata wote walipogusa pamoja.

Lakini chombo kizuri hakitoshi. Sharti kujua desturi za watu. Mwaka 2004 Stacey Scott na wenzake waliandika habari za watu wafanyao kazi mezani. Waliona kwamba mahali palipo mbele ya mtu huwa pake, katikati huwa pa wote, na pengine huwa pa kuwekea vitu visivyotumika bado. Afanyizaye meza ya namna hii aziheshimu sehemu hizo, tena maandishi yaweze kugeuzwa yamwelekee asomaye.

Je, mmoja akifuta kazi ya wote? Mwaka 2006 Meredith Ringel Morris na wenzake walieleza dawa yake: jambo zito, kama kufuta kila kitu, lisitendeke mpaka wote wafanye ishara moja kwa pamoja. Basi mkono wa mmoja hauwezi kuharibu jasho la wanne.

Maswali
1. Kwa nini kitabu kimoja hakiwafai watu wanne waliokizunguka?
2. Kiti kilikuwa na kazi gani?
3. Katika kazi ya darasa lenu, ni jambo gani lingefaa kungoja mikono ya wote?