Pengo la Saa Tatu: Namna ya Kunasa Makosa ya Muda Kwenye Mifumo ya Mtandaoni

Oktoba ikiisha, mwenye kibanda umiza wa Mbagala au Tegeta hubadilisha ubao wake bila kuuliza mtu. Mechi za Ligi Kuu ya England zilizokuwa zikianza saa 11 jioni kila Jumamosi huhamia saa 12, kwa kuwa Waingereza wamerudisha saa zao nyuma. Zile za Ligi ya Mabingwa Ulaya hutoka saa 4 usiku kwenda saa 5. Tovuti ya ratiba iliyotengenezwa na kijana wa mtaa huohuo huenda ikaendelea kutangaza saa za zamani, watu wakafika mapema na kusubiri. Mwisho wa Machi kosa hugeuka: wanafika kipindi cha kwanza kimekwisha.

Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na haisogezi saa zake mwaka mzima. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa mifumo hapa Dar hawalifikirii jambo hili mpaka liwaumize. Lakini seva wanazokodi ziko Ujerumani au Marekani, na huduma wanazoziomba data zinahesabu siku kwa saa za kwao. Utulivu wa saa zetu haumkingi mtu.

Ukipata malalamiko kwamba muda hauko sawa, usikimbilie msimbo. Chukua tukio moja ambalo muda wake halisi unaujua, kwa mfano risiti iliyotolewa mbele yako, ulilinganishe na mfumo unavyosema. Ukubwa wa pengo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia. Pengo la saa 3 kwa kawaida ni UTC iliyoonyeshwa bila kugeuzwa. La saa 12 ni mkanganyiko wa asubuhi na jioni. La saa 1 linatokana na nchi inayosogeza saa, au na jirani: Rwanda, Burundi na Lubumbashi ziko saa 1 nyuma yetu, Kinshasa saa 2. Wakala wa forodha wa Kurasini anayefuatilia mzigo wa Kongo ajue kwanza muda anaosoma ni wa mji gani.

Pengo la saa 6 ni letu wenyewe. Mteja anaandika 2:00 akiwa na maana ya saa 2 asubuhi, mfumo unaelewa usiku wa manane. Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Tuseme mfumo umeipokea hiyo 2:00 kama UTC, kisha ukaongeza saa 3 wakati wa kuonyesha. Utasomeka 05:00, wakati muda halisi ni 08:00. Pengo ni saa 3, sawasawa na lile la UTC isiyogeuzwa, kumbe ni makosa mawili yaliyopunguzana. Ukirekebisha kwa kuongeza saa 3 tu, umeficha ugonjwa, na wateja wanaoandika 08:00 watapata 14:00. Fungua hifadhidata usome kilichoandikwa humo. Ukikuta 05:00, tatizo ni la kuonyesha. Ukikuta 02:00, tatizo limeanzia kwenye fomu, na dawa yake ni fomu kumrudishia mteja jibu kamili kabla hajathibitisha: saa 2 asubuhi, yaani 08:00.

Kosa linalowagharimu wafanyabiashara wengi ni la mauzo ya leo. Siku ya UTC huanza saa 9 usiku ya Dar es Salaam. Duka la dawa la Temeke linalokesha likiuza saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa UTC bado ni Ijumaa, saa 22:00. Ombi linalotaka mauzo ya Jumamosi bila kutaja kanda ya saa litayaacha hayo, na litakusanya ya Jumapili kabla ya saa 9 usiku. Mwisho wa mwezi, hesabu ya droo na ya mfumo hazikutani, na wa kwanza kushukiwa ni muuzaji. Hilo ni jambo zito, kwa sababu watu hupoteza kazi kwa pengo lisilo lao. Mwenye duka, kabla hujamwita mtu mwizi, angalia kama upungufu wa siku moja unajitokeza kama ziada ya siku iliyotangulia.

Marekebisho yake ni kuomba kwa mipaka kamili. Kwa mauzo ya tarehe 26 Oktoba 2025, anza 2025-10-25T21:00:00Z na uishie kabla ya 2025-10-26T21:00:00Z. Mwanzo uhesabiwe, mwisho usihesabiwe, ili muamala wa saa 6 kamili usiku usiingie siku mbili.

Ukipendelea kuandika muda wa hapa pamoja na +03:00, jihadhari na alama ya kujumlisha. Ndani ya anwani ya wavuti, seva nyingi huisoma kama nafasi tupu, hivyo ombi linakataliwa au kanda ya saa inapotea. Iandike %2B. Mifano mingi ya maelekezo hutoka Marekani, ambako kanda zina alama ya kutoa, na alama hiyo haina shida. Mfano uliofanya kazi kwao unaweza kugoma kwako bila kosa lolote la mantiki.

Kwenye JavaScript, tarehe iliyochaguliwa kwenye kalenda huwa saa 6 usiku ya hapa. Ukiipitisha kwenye toISOString inarudi saa 3 nyuma na kuwa tarehe ya jana. Tarehe za kuzaliwa na za kulipa ada huharibika hivi. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama maandishi tu, mwaka, mwezi na siku.

Seva ya Ujerumani ina kisa chake. Ujumbe wa kukumbusha marejesho uliopangwa saa 07:00 za kule utafika Dar saa 2 asubuhi majira ya joto na saa 3 majira ya baridi. Kazi iliyopangwa saa 02:30 inaweza kufanyika mara mbili Jumapili ya mwisho ya Oktoba na isifanyike kabisa ile ya mwisho ya Machi, kutegemea mpangaji kazi wa seva. Iweke seva kwenye UTC, halafu kila programu itaje Africa/Dar_es_Salaam. Ikikujibu Africa/Nairobi usishtuke. Kwenye hifadhidata ya kanda za saa majina hayo mawili yameunganishwa.

Yaliyopita yahifadhi kwa UTC. Yajayo yahifadhi kwa saa ya mahali pamoja na jina la kanda, kwa kuwa serikali hubadilisha sheria. Sudan Kusini ilirudi saa 1 nyuma tarehe 1 Februari 2021. Misri ilianza tena kusogeza saa Aprili 2023, na mfumo wenye hifadhidata ya zamani ya kanda za saa utawaambia mashabiki wa Simba na Yanga kwamba mechi ya Cairo ya mwezi Mei ni saa 2 usiku, wakati ni saa 1. Sasisha hifadhidata hiyo kwenye seva, kwenye lugha ya programu na kwenye simu, maana kila kimoja kinaweza kuwa na nakala yake.

Kabla ya kukabidhi kazi, jaribu muamala wa saa 8:59 usiku na wa saa 9:01, kisha tukio la London la Jumamosi kabla ya saa kubadilika na la Jumatatu inayofuata. Rudia jaribio hilo na kompyuta yako ikiwa imewekwa saa za Berlin.