Usifute kwa Hasira, Mdogo Wangu

Wadogo zangu mnaosoma Malimbe, nanyi wa steshenari za Nyegezi mnaotumia Ubuntu, leo nawajibu kwa pamoja, maana kilio chenu ni kimoja: kompyuta inagoma kusasishwa, inadai /boot imejaa. Kuna aliyeniuliza kama aingie humo afute mafaili kwa mkono. Thubutu!

Kinachojaa humo ni keneli, kiini cha mfumo. Kila keneli mpya inapoingia, ya zamani hubaki kama tairi la akiba: mpya ikigoma, unawashia ile. Waliochagua kufunga diski nzima kwa nywila wakati wa kusakinisha ndio hubanwa mapema, kwa kuwa /boot yao hutengwa peke yake, tena huwa ndogo.

Ukifuta kwa mkono, mfumo hauna habari. Kwenye orodha yake keneli bado ipo, na masasisho yatazidi kugoma. Ukikosea ukagusa unayoitumia, ukizima mashine huenda ndiyo basi, na msimamizi wako anataka tasnifu Jumatatu.

Fanya hivi. Nakili kazi zako kwenye flashi, kisha chaji betri ijae, maana umeme wetu mnaujua. Zima mashine na kuiwasha, uone kama Wi-Fi na sauti viko sawa kwenye keneli ya sasa kabla ya kuondoa za akiba. Fungua terminali, andika:

uname -r

Itakujibu kitu kama 6.8.0-45-generic. Hiyo ndiyo keneli unayoitumia sasa. Iandike kwenye karatasi, haiguswi. Halafu:

sudo apt autoremove --purge

Hapo usikimbilie kubonyeza Y. Amri hii imeundwa iache keneli inayotumika na iliyo mpya kabisa, lakini soma orodha yote. Majina ya linux-image, linux-modules na linux-headers yenye namba za zamani, ruksa. Ukiona namba ya kwenye karatasi yako, au programu unayoihitaji, bonyeza N uite fundi. Ukiridhika, bonyeza Y, kisha pima nafasi:

df -h /boot

Na wewe uliyejaza diski kwa muvi na video za harusi, usizisingizie keneli. Kila moja hula megabaiti mia kadhaa tu. Dawa yako ni kufuta muvi.